Volti Tano Sebuleni kwa Mama Mkwe

Baba mkwe wangu alikuwa mkaguzi wa shule mstaafu, ingawa sidhani kama mkaguzi wa shule huwa anastaafu kweli. Wanamnyang'anya gari la kazi na kiti cha ofisini, lakini kalamu nyekundu anaondoka nayo. Kwake, nje kidogo ya mji wa Homa Bay, alikagua kila kitu: ua, choo, kuku, hata urefu wa sala ya kabla ya chakula. Katikati ya miaka ya tisini, alipogeukia kunikagua mimi, nilikuwa nimeishi na binti yake Migori kwa miaka miwili, tulikuwa na mtoto mmoja, na bado hakuwa ametaja siku ya kunipokea.

Wasioyajua mambo haya wanivumilie kidogo. Mimi ni Mkuria na mke wangu ni Mjaluo. Kwao, mwanamume aliyeoa binti ya watu hasukumi tu mlango wa mama mkwe na kuuliza kama kuna chai. Mpaka wazee wakae, wamwalike rasmi, wamwingize sebuleni na kumwonyesha kiti, nyumba hiyo ataitazama kutoka uani. Akija kabla ya siku hiyo anapokelewa kwenye simba, yaani ile nyumba ndogo ya mtoto wa kiume wa boma, na mama mkwe akipita anapitia mbali, macho chini, naye mkwe anajifanya anaangalia ng'ombe. Hawashikani mikono wala hawapigi gumzo. Kwetu Kuria nako mtu hamkaribii mama mkwe ovyo, na sheria zetu si laini. Lakini za kwetu nilizizoea tangu utotoni, kwa hiyo niliziona za busara, na za kwao nikaziona ni usumbufu uliobuniwa kunisumbua mimi binafsi.

Mke wangu ndiye aliyeumia zaidi. Kila alipokwenda kwao alikuwa anaulizwa na mashangazi, kwa upole mkubwa, kama yule mtu wake bado yupo. Mpaka baba yake ataje siku, yeye mwenyewe alikuwa kama mtu aliyetoka kwao na hajafika kokote. Aliniambia hivyo mara moja tu na hakurudia, lakini nilikumbuka kila siku.

Baba mkwe naye alikuwa na sababu zake. Alitaka mkwe mwenye kiti kinachozunguka, akapata fundi wa redio mwenye kibanda cha mabati karibu na daraja la Migori. Wateja wangu wengi walikuwa wachimba dhahabu wa Macalder. Mchimbaji akipata chembe mbili tatu, kitu cha kwanza anachonunua ni redio kubwa kuliko nyumba yake, na cha pili ni kuipigisha kwa sauti ya juu mpaka ife. Mimi niliishi kwa hicho cha pili. Nilikuwa na mita ya sindano, pasi ya kuchomea risasi ya kuungia nyaya, na kichwa kilichovimba kidogo, kwa sababu kuanzia Uriri hadi mpakani hakukuwa na mtu aliyenizidi kwa amplifaya. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikiambia watu, na kwa kuwa hakuna aliyekwenda kuhesabu, waliniamini.

Basi siku moja kondakta wa gari linalokwenda Rongo akaniletea kifurushi kutoka Homa Bay. Ndani ya blanketi la shule, la kijivu, lenye mstari mwekundu, kulikuwa na amplifaya ya nyumbani, nzito, ya fedha fedha, ya miaka ya sabini. Juu yake kulikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa wino mwekundu. Haikuwa na salamu. Ilisema kwamba kifaa hutoa kishindo kidogo kinapowashwa, kwamba sababu ichunguzwe, na kwamba matokeo yaandikwe.

Mke wangu alisoma karatasi ile mara mbili, kisha akaniambia kwamba huo ulikuwa mtihani. Nikamwambia najua, kwani hata nafasi ya kuandika majibu ilikuwa imeachwa pale chini.

Acha nieleze ugonjwa wenyewe, maana ndio uliotuweka roho juu kwa miezi minne. Ndani ya spika kuna karatasi nyeusi iliyokaa kama bakuli. Muziki unaisukuma mbele na kuivuta nyuma, na muziki ukinyamaza inatakiwa irudi katikati itulie. Sasa kuna amplifaya ambazo hata zikinyamaza hazinyamazi kabisa. Zinavujisha DC kidogo kwenye waya wa spika, ule umeme kama wa betri, usiopanda wala kushuka, na ile karatasi inabaki imesukumwa upande mmoja bila kazi yoyote. DC ikiwa nyingi, koili ya waya iliyo nyuma ya karatasi inapata moto hadi inaungua. Ikiwa kidogo hakuna anayejua, isipokuwa fundi mwenye mita na asiye na kazi nyingine.

Nilipima ya baba mkwe nikapata milivolti thelathini na nane. Hicho si kitu. Mafundi wote niliowahi kukaa nao walikubaliana kwamba chini ya hamsini unafunga kifuniko unakwenda kunywa chai. Kile kishindo cha kuwasha nacho kilikuwa cha kawaida, amplifaya za umri ule huamka hivyo. Mtu mwenye akili timamu angepangusa vumbi, akaandika kwamba kifaa ni kizima, akamsalimu mzee na kumaliza.

Lakini nilikuwa naangalia wino mwekundu. Niliona kwamba nikiandika kifaa ni kizima, mkaguzi atasema sikukifungua. Nikaamua kumletea sifuri. Nilikuwa na mfuko wa transista nilizochomoa kwenye redio zilizokufa, na nilizipima moja moja kwa siku mbili nikitafuta pacha, kwa sababu mlangoni mwa amplifaya ile kila upande una transista mbili zinazotakiwa kulingana, na zisipolingana ndipo DC inapovuja. Wateja walikuja wakanikuta nimeinama, wakaondoka. Nilipopata pacha zangu niliziunga, nikazungusha ile skrubu ndogo ya kurekebishia kwa upole ambao sikuwahi kumwonyesha binadamu, mpaka sindano ya mita ikalala kwenye sifuri. Niliiacha amplifaya ikawaka mchana mzima. Sindano haikutikisika.

Ningeishia hapo, leo ningekuwa mtu mwenye heshima zake. Tatizo ni kwamba nilikuwa nimesoma. Nilikuwa na ukurasa wa gazeti la mafundi wa Ulaya, ulionifikia ukiwa umefungiwa maandazi, na ukurasa huo ulieleza kwamba kila kapasita muziki unayopitia inauchafua kidogo, na kwamba amplifaya safi kabisa ni ile ambayo muziki unaingia moja kwa moja bila kapasita mlangoni. Makala yaliendelea ukurasa uliofuata, lakini ukurasa uliofuata ulikwenda na maandazi ya mtu mwingine.

Kapasita ya mlangoni kazi yake ni kama ya mlinzi wa geti. Muziki unapanda na kushuka, kwa hiyo anauruhusu upite. DC imesimama tu, kwa hiyo anaizuia. Niliwafukuza kazi walinzi wote wawili, wa kushoto na wa kulia, nikaweka vipande vya waya mahali pao. Nilisikiliza kwa kutumia redio yangu ya kibandani na, kwa masikio ya mtu anayetaka kuoa upya mke aliyenaye, nikasikia muziki umesafika. Kwenye karatasi ya mzee nikaandika kwa mwandiko wangu wa shule: DC, sifuri. Kuhusu walinzi sikuandika chochote. Nilitaka aushangae usafi huo mwenyewe.

Wiki tatu baadaye lile blanketi lilirudi. Karatasi ilisema kwamba karatasi ya spika ya kushoto imesimama nje, sauti inakwaruza, na kazi hairidhishi, irudiwe.

Nilifungua, nikapima, nikapata sifuri. Niliunganisha redio yangu na spika zangu, zikaimba vizuri asubuhi yote. Nikaandika: sifuri, imerudiwa. Amplifaya ikarudi Homa Bay, ikakaa siku kumi, ikaja tena. Safari hii karatasi ilikuwa na mistari miwili. Wa kwanza ulisema spika ya kushoto imeungua. Wa pili ulisema kwamba siku ya wageni, iliyokuwa imefikiriwa kuwa baada ya mavuno, imesogezwa mbele hadi hapo itakapotangazwa.

Hivyo ndivyo tulivyojua kwamba siku ilikuwepo. Mzee alikuwa amekwisha kuichagua bila kutuambia, na sasa alikuwa ameifuta, na mimi ndiye niliyemfanya aifute kwa pasi yangu ya kuchomea. Mke wangu aliikunja karatasi ile, akaiweka ndani ya Biblia, akaingia jikoni. Nilijiona mjinga, na kwa sababu sikujua ujinga wenyewe ulikuwa wapi, nilikuwa mkali kwa kila mtu aliyefika kibandani.

Jioni hiyo akanieleza kitu ambacho baba yake hakuwa amekiandika. Mwenye kuitumia amplifaya ile hakuwa mzee. Alikuwa mama. Kulikuwa na kanda ya kwaya ya kina mama wa kanisa lao la Sabato, iliyorekodiwa miaka mingi kabla, na mama mkwe alikuwa ndani yake, sauti ya kwanza, bado kijana. Kila alasiri alikuwa anakaa kwenye kigoda mbele ya spika akichambua omena, dagaa wa ziwa lao, au maharagwe, na kuisikiliza kanda hiyo upande wa kwanza hadi mwisho. Sasa spika ilipokufa kanda ilikuwa imekaa tu. Mke wangu aliposema hivyo nilijisikia vibaya kuliko nilivyojisikia kwa ajili ya ile siku.

Nikaamua kwenda mwenyewe. Jumapili moja tulifika Homa Bay saa nne asubuhi, nikiwa na mita, pasi, mkebe wa vipuri, redio yangu, na spika ya kubadilisha niliyoitoa kwenye redio ya mchimbaji wa Macalder ambaye hakurudi kuichukua. Tulipokelewa kwenye simba ya shemeji yangu, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mzima mpole aliyemwogopa baba yake kuliko mimi nilivyomwogopa. Simba ilikuwa nzuri, imepakwa rangi, ina kila kitu isipokuwa stima.

Hapo ndipo heshima ilipoanza kufanya kazi. Fundi hawezi kwenda kwenye stima kwa sababu stima iko sebuleni kwa mama mkwe. Basi stima itoke ije kwa fundi. Shemeji alivuta waya kutoka dirisha la nyumba kubwa, ukapita juu ya kamba ya nguo, ukazunguka banda la kuku, ukaingia simba. Amplifaya ikabebwa ikaletwa. Spika nazo zikaletwa, kila moja na safari yake. Baba mkwe akaletewa kiti, akakaa mlangoni na daftari magotini.

Nilibadilisha spika iliyokufa. Nikaunganisha redio yangu. Nikapima, sifuri kushoto, sifuri kulia. Muziki ulitoka safi kabisa, kuku wakasogea. Baba mkwe aliandika kitu. Kisha akaagiza kila kitu kirudishwe ndani kijaribiwe mahali pake, kwa kanda ya mama.

Vikarudishwa. Nikakaa simba na mke wangu, tukisikiliza. Kutoka nyumba kubwa ilisikika kwaya ya wanawake, na chini ya kwaya hiyo mkwaruzo, kama mtu anayekokota sufuria sakafuni. Baba mkwe akatoka, akavuka ua bila haraka, akasimama mlangoni na kusema neno moja tu, kwamba imevimba.

Nilisema vifaa virudi simba. Vikarudi. Vikapona. Vikapelekwa ndani, vikaugua. Shemeji alikuwa amelowa jasho, na majirani wawili, wazee wa kanisa waliokuwa wakipita, walikuwa wamesimama kwenye ua wa michongoma wakitazama mitambo ya mkaguzi ikizungushwa nje na ndani. Walikaribishwa viti. Nikawa sasa nina jopo.

Mimi, badala ya kufikiri, nililaumu. Nililaumu nyaya za nyumba, mzee akasema ziliwekwa na mtu mwenye cheti. Nikalaumu unyevu wa ziwa. Nikalaumu urefu wa waya wa spika. Nikaomba angalau deki ya kanda iletwe niione. Mzee akajibu kwamba deki haijalalamika. Alikuwa ameinunua Oyugis kwa mtu aliyekuwa anahama, ilikuwa nzima siku hiyo na ilikuwa nzima leo, na isitoshe ilikuwa kwenye kabati chini ya picha za familia, juu ya kitambaa alichofuma mama, na haikuwa imewahi kutolewa pale. Nikamwambia mke wangu kwa sauti ya chini kwamba desturi ya kwao ni upuuzi mtupu, kwamba mtu anaweza kufa ndani ya nyumba ile daktari akiwa uani anaulizia hali yake kwa barua.

Ndipo dirisha la nyumba kubwa likasema. Pazia halikusogea. Sauti ilitoka nyuma yake, ya mwanamke mzima, bila haraka, ikimwita mke wangu.

"Nyathina, mwambie orwa hiyo spika inavimba hata kama nyimbo haijaanza. Mimi nakaa hapo kila siku, naiona. Ukiwasha deki, inatoka nje. Ukizima deki, inarudi. Hata huko kwake haivimbi kwa sababu deki hajaenda."

Nyathina ni mwanangu, na orwa ni mkwe wetu. Nilichokitambua baadaye ni lugha. Mama mkwe hakuwa na haja ya kumsemesha binti yake kwa Kiswahili. Kiswahili alikitumia sokoni na kwa askari wa kaunsili, basi. Kwa mwanawe angesema kwa Dholuo na mimi nisingepata hata nusu. Alichagua lugha ambayo ingenifikia nzima nzima bila yeye kunisemesha.

Mke wangu alinigeukia akiwa na uso mkavu. Tulikuwa tumekaa hatua mbili tu kati yetu, na nilikuwa nimesikia kila neno. Lakini alitumwa, naye akafikisha.

"Mama anasema, ukiwasha deki inatoka nje, ukizima deki inarudi."

Baba mkwe aligeuka dirishani akasema kitu kifupi kwa Dholuo. Dirisha likajibu kwa kifupi zaidi. Shemeji alinitafsiria baadaye: mzee aliuliza kwa nini hakusema mapema, na mama akasema alisema mara tatu, mara ya kwanza ile siku spika ilipovimba. Mzee hakuwa ameandika. Nadhani hakuona kwamba mtu anayechambua omena anaweza kuwa na taarifa ya kiufundi. Mimi nisimcheke sana, kwa sababu hata mimi niliyelalamika asubuhi yote kwamba siruhusiwi kuingia, haikunijia kwamba kuna mtu aliye ndani anayeweza kuulizwa.

Nilijua kila kitu kabla deki haijafika. Deki ilikuwa inavujisha DC kwenye waya wake wa kushoto, huenda tangu Oyugis, na miaka yote hiyo mlinzi wa amplifaya alikuwa anaizuia getini bila mtu kumshukuru. Kisha akaja bingwa kutoka Migori na ukurasa wa maandazi, akamfukuza. Deki ilipoletwa, ikiwa bado imekaa juu ya kitambaa chake, nilipima. Robo volti kushoto, kulia hakuna kitu. Amplifaya iliikuza mara ishirini, kama inavyokuza chochote kinachoingia. Volti tano za DC, alasiri baada ya alasiri, zilikuwa zimeegemea karatasi ya spika huku mama mkwe akiitazama. Kibandani kwangu deki haikuwepo, na redio yangu ina mlinzi wake, kwa hiyo nilipima sifuri na kuiandika kwa furaha.

Walinzi wa amplifaya nilikuwa nao. Fundi hatupi kapasita. Walikuwa ndani ya mkebe wangu wa vipuri, chini ya skrubu. Niliwarudisha mahali pao nikiwa nimewapa wazee mgongo, kwa dakika zisizozidi tano. Baba mkwe aliuliza ninaongeza nini. Nikamwambia ninaongeza kinga. Si uongo, kama hujali neno kuongeza.

Vifaa vikarudi nyumba kubwa kwa mara ya mwisho. Deki ikawashwa. Tukasikia kimya, kisha kwaya, na hakukuwa na mkwaruzo. Sauti ya kwanza ilipanda juu ya wenzake, nyembamba na yenye uhakika, na mke wangu akanionyesha kwa kidole kwamba ndiye huyo. Wote pale uani tulisikiliza, hata wazee wa kanisa, mpaka wimbo ukaisha.

Kisha baba mkwe akarudi, akasimama katikati ya ua, na nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alikuwa anatabasamu.

"Huyu kijana ana kichwa," aliwaambia wazee. "Watu wote tulikuwa tunaangalia amplifaya. Yeye amegundua kwamba ni deki."

Akafungua daftari, akataja siku pale pale: Jumapili ya pili baada ya mavuno, na wazee wale wawili wawe miongoni mwa watakaonipokea.

Kulikuwa na nafasi baada ya maneno yale, nafasi ya mtu kuvuta pumzi na kusema sentensi mbili. Ya kwanza ingesema ni mama aliyegundua. Ya pili ingesema ni mimi niliyeharibu. Zote mbili nilikuwa nazo mdomoni. Mke wangu alikuwa ananiangalia, na dirisha lilikuwa wazi.

"Asante, baba," nikasema.

Pale Rongo, tukisubiri gari la Migori, mke wangu alinunua miwa akaimenya. Alikuwa na furaha, hilo niliona, siku yake ilikuwa imepatikana. Lakini alipomaliza kipande cha kwanza aliniuliza mbona sikusema ni mama.

Nikamwambia kwamba desturi hairuhusu. Mkwe hawezi kusimama mbele za wazee akimtaja mama mkwe kana kwamba walikuwa wanapiga soga, ningemvunjia heshima. Niliieleza vizuri, kwa utulivu, kama mtu aliyezaliwa nayo. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Asubuhi uliniambia ni upuuzi mtupu," alisema, akanipa muwa.

Siku ilipofika waliniingiza sebuleni. Wazee waliimba, wakaomba, wakanionyesha kiti changu, na nilipokaa nikajikuta nimeelekeana na spika ya kushoto. Mbele yake palikuwa na kigoda kifupi, mbao zake zimelainika kwa kukaliwa. Ningeingia mle ndani mara moja tu, au ningemwuliza mtu wa kigoda kile swali moja kwa njia yoyote, spika isingeungua. Baba mkwe alikuwa anawasimulia wageni, kwa mara ya tatu, jinsi nilivyoitilia shaka deki tangu mwanzo. Hadithi ilikuwa imekua, na sasa nilikuwa nimegundua kwa kusikiliza tu.

Mama mkwe alileta kuku mwenyewe. Siku hiyo iliruhusiwa, ndiyo maana ya siku yenyewe. Aliweka bakuli mbele yangu, akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake, na akasema kwa Kiswahili kile kile cha dirishani, "Orwa, haivimbi tena."

Mume wake alikuwa bado anasimulia. Mke wangu alikuwa ameacha kula. Nilikuwa nimekaa ndani ya nyumba, mama mkwe yuko mbele yangu, na desturi yote ilikuwa imeondolewa njiani kwa ajili yangu. Nikasema, "Asante, mama," na watu wakadhani namshukuru kwa kuku.